Barua ya wazi kwa wakubwa wa kazi Mombasa: databesi ikikwama, tupeni dakika kumi

Kwa wakurugenzi, mameneja na wenye kampuni: nyinyi wa uwakala wa forodha, wa maghala ya Shimanzi na Changamwe, wa hoteli, wa hospitali, wa vyama vya akiba na mikopo.

Salamu nyingi.

Sisi ni watu tunaotunza databesi zenu, yaani hazina za rekodi ambazo mifumo yenu huzitegemea. Kwenye orodha ya mishahara tuna vyeo mbalimbali. Mfumo ukikwama sote huitwa "vijana wa kompyuta", hata walioota mvi. Tuna ombi moja kubwa na mengine madogo yanayolifuata. Kubwa ni hili: mfumo ukikwama, msituamuru kuzima na kuwasha seva (kompyuta kuu inayoiendesha databesi) kabla hatujaona kilichoikwamisha. Twaomba dakika 10. Methali ya haraka na baraka hatuileti hapa; mwaijua tangu utotoni, na haijawahi kumtuliza mtu mwenye foleni ya malori getini. Tutaeleza tu dakika hizo zatumika vipi, na zikinyimwa hasara yamwangukia nani.

Tukubali kwanza kwamba zima-washa mara nyingi husaidia, ndiyo maana inapendwa. Mfumo waamka, simu zanyamaza, kila mtu arudi kwenye kazi yake. Lakini kilichoukwamisha hakijaguswa, na ushahidi uliokuwa kwenye memori ya seva umefutika wote: nani alikuwa ameunganishwa, aliomba nini, alikuwa akimsubiri nani. Shida ikirudi, twaanza upya bila chochote mkononi.

Chukueni mfano wa ofisi ya wakala wa forodha, siku ya Ijumaa, saa sita na robo mchana. Karani afungua rekodi ya kontena ili arekebishe uzito, kisha atoka kwenda kuswali na skrini yabaki wazi. Kosa si lake. Programu iliyoandikwa ovyo hufungua muamala, yaani kazi isiyokamilika mpaka ihifadhiwe, pale pale skrini inapofunguka, ikaushika mstari wa kontena lile kwenye jedwali, na haiuachii mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuhifadhi. Kashia akitaka kutoa ankara ya kontena hilo hilo, ombi lake lapanga foleni nyuma ya karani. Aona kimya, abonyeza tena. Afungua dirisha jingine, abonyeza tena. Kila mbonyezo ni muunganisho mpya unaosubiri. PostgreSQL, moja ya programu za databesi, kama haijabadilishwa mpangilio wake hupokea miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo huwekwa akiba kwa msimamizi. Ile 97 ikijaa, hata mtu wa idara nyingine anayetaka kusoma ripoti ya jana aambiwa hakuna nafasi. Huku kaunta, habari iliyoenea ni kwamba sistimu imekufa.

Haijafa. Ukitazama prosesa utaikuta imepoa, haina kazi yoyote ya maana. Hiyo ni dalili ya kwanza tunayoitafuta, na twaiangalia kabla ya yote: seva iliyokwama huku prosesa imetulia yasubiri kitu, seva iliyokwama huku prosesa imepanda mpaka juu yafanya kazi kubwa mno au kazi mbovu. Ni maradhi mawili tofauti kabisa, na dawa zake hazifanani.

Kwa hiyo mtunzaji huingia kwa ile nafasi ya akiba, asome pg_stat_activity, orodha ya miunganisho iliyopo, atafute miunganisho yenye hali ya "idle in transaction" (muamala wazi, kazi hakuna) ambayo muamala wake ulianza zamani. Kisha pg_blocking_pids humwonyesha nani amemzuia nani. Katika orodha ya watu tisini wanaosubiriana, afuata mnyororo mpaka amfikie yule asiyemsubiri mtu yeyote. Huyo ndiye mzizi. Amri ya pg_cancel_backend haimgusi, maana hiyo hukatiza kazi inayoendelea, na huyu hana kazi, amekaa tu na kufuli ya mstari ule mkononi. Yahitajika pg_terminate_backend, kwa namba yake peke yake. Akishatolewa, walio nyuma yake wapita wenyewe kwa sekunde chache na kaunta yarudi kazini bila seva kuzimwa.

Fundi anayeharakishwa, badala ya kufanya hivyo, huenda kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva yenyewe, akaua mchakato wa muunganisho ule kwa kill -9, amri ya kuua papo hapo. PostgreSQL ikiona mmoja wa michakato yake amekufa kifo cha namna hiyo huhofia kwamba memori ya pamoja imeharibika, hivyo huwatoa watu wote na kuanza kujirekebisha. Mmoja alitakiwa kutoka, wametoka 97, pamoja na yule wa uhasibu aliyekuwa katikati ya kufunga mwezi.

Ushahidi ukipatikana, tiba ya kudumu ni ndogo. Kuna mpangilio uitwao idle_in_transaction_session_timeout, ambao kwa kawaida uko sifuri, maana yake usubiri milele. Twauweka dakika 5, na twawapelekea walioandika programu jina la skrini yenye kosa. Kama seva ilizimwa kwanza, jina hilo hatunalo, na Ijumaa ijayo saa ile ile mtatupigia tena.

Wenye MySQL, programu nyingine ya databesi, wataona sura nyingine ya maradhi hayo hayo. Huko anayesubiri kufuli hukatiwa baada ya sekunde 50, hivyo malalamiko hayawi kwamba mfumo umeganda. Huwa kwamba "unakataa kuhifadhi". Tukiambiwa tu kwamba mfumo ni mbovu, hatuwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Tuambieni maneno yaliyotokea kwenye skrini, kama yalivyo.

Jambo linalotuumiza zaidi ni kazi kubwa iliyokatizwa njiani. Mtu aamuru mabadiliko ya bei kwenye jedwali la mamilioni ya mistari katikati ya mchana, aona mfumo umekuwa mzito, aikatiza kazi. Yeye aamini ameisimamisha. MySQL sasa yarudisha nyuma kila mstari ulioguswa, mmoja mmoja, na marudio hayo huweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Meneja aja, aona bado mzito, aamuru seva izimwe. Kuzima hakusaidii hata chembe: seva ikiwaka, yaendelea kurudisha nyuma kutoka ilipoachia, na safari hii memori yake ni tupu, kila kitu chasomwa upya kutoka kwenye diski. Hapo subira si adabu tu, ni njia fupi kuliko zote.

Nasi hatuwaombi msubiri gizani. Muda uliobaki waweza kukadiriwa. Amri ya SHOW ENGINE INNODB STATUS huonyesha muamala unaorudishwa nyuma pamoja na idadi ya maingizo yaliyobaki. Isomeni mara mbili, dakika moja baina yake. Kama mara ya kwanza ni 9,000,000 na mara ya pili ni 8,850,000, basi yapungua 150,000 kwa dakika, na zimebaki dakika 59 hivi. Meneja mwenye namba hiyo aweza kuwaambia madereva waende wakale warudi saa nane. Meneja asiye nayo hubaki akipiga simu.

PostgreSQL haina shida hiyo, kwani kurudisha nyuma kwake ni kwa mara moja. Takataka hubaki kwenye jedwali na husafishwa baadaye. Ina shida yake nyingine, nayo ni diski kujaa. Folda ya pg_wal huvimba, mtu aona magigabaiti ya faili zenye majina ya ajabu, azifuta ili apate nafasi. Amefuta kumbukumbu ambayo databesi huitegemea kujifufua. Mwanzo folda hiyo iliitwa pg_xlog, na waliodhani ni logi (shajara za matukio) za kawaida tu wakaifuta wakawa wengi kiasi kwamba toleo la 10, mwaka 2017, lilikuja na jina jipya. Sababu ya uvimbe huwa pengine: ama bakapu (nakala ya akiba) ya faili hizo imegoma kwenda inakopelekwa, ama kuna seva pacha, inayopokea nakala ya kila badiliko, iliyoondolewa lakini nafasi yake haikufutwa, hivyo seva kuu yamwekea faili mgeni asiyerudi. Sisi hupendelea kuweka mapema faili tupu ya gigabaiti 2 kwenye diski hiyo. Siku ikijaa twaifuta ile, seva yapumua, tukatafuta sababu kwa utulivu.

Stima nayo. Ikikatika ghafla na UPS (betri ya akiba) ikashindwa, databesi ikirudi husoma kumbukumbu zake tangu mara ya mwisho ilipoweka kituo (ilipomaliza kuandika mabadiliko yote kwenye faili za data), ambayo kwa PostgreSQL huwa kila dakika 5 kama hamkubadilisha. Katika kusoma huko haipokei mtu. Mwaiona haijibu, mwaizima tena, na ikiwaka yaanza kusoma upya. Iacheni imalize, logi itaandika yenyewe kwamba iko tayari. Ikiwa MySQL imekataa kuwaka kabisa, kuna dawa kali iitwayo innodb_force_recovery, yenye daraja 1 hadi 6. Kuanzia 4 yaweza kuharibu faili za data moja kwa moja, pasipo kurudi. Sharti la kwanza ni kunakili folda nzima ya data mahali pengine kabla ya kujaribu hata daraja la 1. Nakala hiyo huchukua muda, na ndio muda ambao fundi husukumwa zaidi aanze "kutengeneza". Msimsukume.

Kuna siku shida si ya databesi hata kidogo. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima, na kwa mtu aliyeko mezani intaneti nzito na databesi nzito hazina tofauti. Kwa hiyo swali letu la kwanza litakuwa: ni skrini moja au zote, ni ofisi moja au na ya Miritini pia, na ripoti ikifunguliwa kwenye kompyuta iliyo ndani ya mtandao wa ofisi yafunguka upesi? Tukiuliza hivyo hatukwepi kazi.

Swali la pili ni lilianza saa ngapi, na hapa twapotezeana muda bure. Karani akisema saa nne asubuhi, ukutani ni 10:00. Seva nyingi za kukodi huandika logi kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo twatafuta 07:00. Mwengine aandika "saa 4" kwenye WhatsApp, na fundi wa kampuni ya programu aliyeko Ulaya aenda kusoma logi za 04:00, akakuta usiku mtulivu, akajibu kwamba haoni tatizo. Dawa ni picha ya skrini nzima iliyopigwa papo hapo, ile saa ndogo ya pembeni ikionekana.

Kuhusu mfumo uliopungua kasi bila kuganda, twasema machache. Mara nyingi hutokea baada ya kupakia data nyingi kwa mkupuo, mwisho wa mwezi kwa mfano. Databesi huchagua njia ya kutafuta kwa kutumia takwimu za majedwali, na takwimu zikiwa za kale yachagua vibaya: yasoma jedwali lote badala ya kupitia indeksi, ile faharasa yake. Amri moja ya ANALYZE, inayokusanya takwimu upya, yaweza kurudisha ripoti ya dakika kumi kuwa ya sekunde nne. Kabla ya kuagiza memori mpya, tuachieni tusome mpango wa swali lenyewe, yaani njia ambayo databesi imeichagua, kwa amri ya EXPLAIN. Na tubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Mafundi wakiongeza memori, wakiunda indeksi tatu na kupandisha miunganisho kutoka 100 hadi 1,000 adhuhuri moja, mfumo ukipona hakuna ajuaye dawa ilikuwa ipi, na ukizidi kuugua hakuna ajuaye sumu ilikuwa ipi. Hiyo 1,000 huwa ndiyo sumu: kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili wenye haja ya memori. Indeksi nayo ikiundwa kwa amri ya kawaida huzuia kuandika kwenye jedwali mpaka imalizike. Mchana wa kazi huundwa kwa CONCURRENTLY, ambayo ni ya polepole zaidi lakini haimsimamishi mtu.

Sasa kuhusu simu. Fundi mmoja mbele ya skrini, wakubwa watano kwenye laini, kila mmoja na "iko wapi?" yake. Teueni mtu mmoja wa kupokea na kujibu, asiwe yule anayeandika amri. Habari zitoke kila nusu saa hata kama ni kusema hakuna jipya. Anayeandika amri akae na mwenzake anayesoma kila amri kabla haijabonyezwa, hasa jina la seva. Wakati huo kaunta ihamie kwenye vitabu vya risiti vyenye namba zilizochapwa tangu mwanzo, ili mfumo ukirudi kila risiti iingizwe na pengo lionekane. Vitabu hivyo vinunuliwe leo, si siku hiyo.

Na uchovu. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu, alikuwa akihangaika na databesi pacha iliyoachwa nyuma. Alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile pacha. Alipogundua na kusimamisha, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakageukia bakapu. Ile ya kila siku ilikuwa ikishindwa kwa muda bila wao kujua, kwa kuwa zana iliyoitengeneza ilikuwa ya toleo la 9.2 na databesi ilikuwa ya 9.6, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski, yaani nakala yake kama ilivyokuwa, iliyochukuliwa muda wa saa sita kabla kwa shughuli nyingine. Data ya muda huo wa saa sita ilipotea. Waliyaandika haya yote hadharani, na ni maandishi ambayo kila meneja wa aiti angefaa kuyasoma pamoja na watu wake. Ombi letu hapa: aliyekesha na tatizo asiachwe peke yake na amri za kufuta. Aandike alipofikia, amkabidhi mwenzake, akalale.

Haraka ina hatari nyingine isiyoonekana. Kampuni ya programu yasema "tutumieni databesi tuiangalie," na mtu aituma yote kwa WhatsApp, majina ya wagonjwa na namba za simu ndani yake. Ikimfikia asiyehusika na kukawa na hatari ya kweli kwa wenye data, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yawapa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Logi na mpango wa swali, baada ya kuondoa majina na namba, hutosha karibu kila mara.

La mwisho ni bakapu, nalo latuhusu sote. Mwatuuliza "bakapu ipo?" nasi twajibu ipo. Swali lililo bora ni: kurudisha kwachukua muda gani? Databesi ya gigabaiti 200 iliyohifadhiwa nje, ikishushwa kwa laini ya megabiti 100 kwa sekunde isiyotumiwa na mtu mwingine, yahitaji karibu muda wa saa nne na nusu kushuka tu. Kuipakia na kujenga indeksi ni muda mwingine. Mkiijua namba hiyo mapema, hamtamuuliza fundi kwa nini haijarudi ndani ya nusu saa.

Kwa hiyo tupangieni Jumamosi moja asubuhi kabla ya mwezi kuisha. Twahitaji seva ya pili au ya kukodi yenye diski maradufu ya ukubwa wa databesi, fundi wawili, na kashia mmoja atakayechagua ankara tano za wiki iliyopita kutoka kwenye makaratasi yake na kuzitafuta kwenye nakala iliyorudishwa. Muda utaandikwa tangu amri ya kwanza hadi ankara ya tano kuonekana, na karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa chumba cha seva, karibu na namba ya mtu aliyeteuliwa kupokea simu.

Wenu katika kazi,
Watunzaji wa databesi, Mombasa